Mwalimu Wetu wa Jioni na Ndevu za Mkundaji

Mwalimu wetu wa jioni hakujua jina la mwanafunzi hata mmoja, na alitujua sote. Alituita kwa kazi zetu. Mama aliyeuza maziwa alikuwa Maziwa, jamaa aliyejenga nyumba za watu alikuwa Nyundo, na mimi niliyekuwa nikiosha vyombo katika hoteli moja mjini Nyeri nilikuwa Sufuria. Miaka baadaye, nilipopandishwa cheo nikawa mtunza stoo, mwenye funguo kiunoni na kalamu mbili mfukoni, nilimwendea kumpa habari.

"Mwalimu, siku hizi mimi si wa sufuria tena."

Akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye viatu. Macho yake yalisafiri mbali, kwa sababu alikuwa mrefu kiasi kwamba mvua ikinyesha yeye alilowa dakika mbili kabla yetu.

"Na hizo sufuria za hoteli, ni nani anajua ziko ngapi?"

"Ni mimi."

"Basi bado ni Sufuria."

Darasa letu lilikuwa la watoto wa darasa la tatu mchana, kisha likawa letu kuanzia saa kumi na moja na nusu. Madawati hayakujali kwamba sisi ni watu wazima. Nyundo, ambaye goti lake moja lilitoshana na kabeji ya Giakanja, alikaa upande upande, miguu ikiwa imetoka nje ya mlango, na aliyechelewa alilazimika kuiruka. Mwezi wa Julai baridi ya mlima iliingia humo bila kubisha, ikakaa mbele kabisa, ikatusikiliza tukitetemeka. Mwalimu hakuihisi. Alivaa koti moja la kijani mwaka mzima, na mifukoni mwake niliwahi kuona chaki, kitunguu, kipande cha kamba, na miwani ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Chai yake ya rangi ilikuwa nzito hivi kwamba kijiko kilisimama chenyewe.

Alitufundisha bayolojia. Wengine wangesema ni somo gumu kwa mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na tatu kisha akarudi na watoto wake watatu wamempita. Yeye alilileta karibu. Figo ilikuwa chujio la chai. Mapafu yalikuwa mivukuto ya yule fundi wa chuma kule sokoni. Na aliponiuliza kazi ya ini nikajibu kwamba hukaangwa na vitunguu, hakunicheka. Alisema, "Hiyo ni kazi yake ya mwisho. Kabla ya hapo ilikuwa na kazi zingine," akaendelea.

Alikuwa na uongo mmoja tu, na tuliugundua siku ya sherehe, tulipopata vyeti. Maziwa alisimama akashukuru, akasema kwa aibu kwamba asingependa kujigamba, lakini Mwalimu alimwambia faraghani kuwa yeye ndiye mwanafunzi bora aliyewahi kumfundisha. Nyundo akashtuka. "Ati nini? Si hiyo aliniambia mimi." Mimi pia nilikuwa nimeambiwa, nyuma ya choo, na nilikuwa nimeitunza siri hiyo kama hati ya shamba. Tulihesabiana pale chini ya hema: wote tulikuwa bora. Tulimgeukia. Alikuwa akitafuna ubavu wa mbuzi kwa utulivu.

"Kila mmoja nilimwambia siku yake," alisema. "Siku hiyo ilikuwa kweli."

Nimeuita uongo, lakini yeye asingekubali, kwa maana hakuna kitu alichokichukia kama mwalimu kusema lisilo kweli. "Fundi akikosea, ukuta unaanguka na mambo yanaisha," alikuwa akisema. "Kosa la mwalimu linazaa." Na hakusema tu. Wakati mmoja aligundua kwamba mwaka fulani alikuwa amefundisha kwamba moyo wa chura una vyumba viwili. Una vitatu. Viwili ni vya samaki. Mtu mwingine angejikuna kichwa akanyamaza. Yeye alitoa madaftari ya mahudhurio, akaandika orodha ya waliokuwepo siku hiyo, akawafuata mmoja mmoja. Mmoja alikuwa amefungua duka Kiganjo. Mwalimu alifika saa ya watu wengi, makurutu wa polisi wamejipanga kununua sabuni na mkate, naye akajipanga nyuma yao, mrefu kama mlingoti. Zamu yake ilipofika mwenye duka alifurahi sana kumwona.

"Mwalimu! Nikupatie nini?"

"Hakuna. Nimekuja kwa sababu ya moyo wa chura."

Wanasema foleni nzima iligeuka kumtazama. Wanasema pia kwamba kuna kurutu mmoja ambaye mpaka leo hajui kama ile ilikuwa lugha ya siri.

Sasa nije kwenye samaki.

Ukutani mwa darasa palikuwa na chati. Ilikuja na kasha la vitabu vya msaada, vingi vya lugha ambazo hakuna mtu upande huu wa Mlima Kenya anayezisoma. Chati ilionyesha samaki sita wa baharini, wa familia moja, na juu mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: Mkundaji. Mwalimu aliipenda kuliko ninavyopenda mshahara. Kwa chati hiyo alitufundisha familia ni nini na spishi ni nini.

"Hawa wote ni wa boma moja," alisema, akigonga kwa rula. "Huyu ana mstari mweusi ubavuni na doa karibu na mkia. Huyu ana mstari wa manjano. Huyu mkia wake una milia kama soksi za mpira. Huyu ni mwekundu mzima. Kila mmoja na sura yake, hiyo ndiyo spishi. Lakini ukitaka kujua ni wa boma moja, angalia kidevu. Wote wana ndevu mbili."

Ndevu hizo! Tulizisoma wiki tatu. Alituambia kwamba mkundaji hula chini kabisa, kwenye mchanga, na kwamba ndevu zake zinaonja, yaani ni kama mtu mwenye ndimi mbili kidevuni. Anazipitisha mchangani, anachakura kama kuku kwenye shamba lililovunwa, na akigusa mdudu anajua ni mdudu na anajua ni mtamu. Samaki wengine wavivu humfuata nyuma wakiokota makombo. "Kama nyinyi mkisikia mahali kuna mbuzi," alisema Mwalimu. Na dume akitaka mke huenda akamtikisia ndevu. Hapo darasa lote lilimgeukia Nyundo, ambaye alikuwa na ndevu nyingi na hana mke, na somo likaishia hapo siku hiyo.

Ajabu ni kwamba mtu huyu hakuwahi kuona bahari. Maji yenyewe aliyaogopa. Akivuka daraja la miguu la Mto Chania alishika bega la mtu na kufumba macho. Na samaki hakula. Wazee wa kwetu huku hawakula samaki, na yeye katika hilo alikuwa mzee hasa. Niliwahi kumletea kipande cha kukaanga kutoka hotelini, kimefungwa vizuri kwenye karatasi. Alikiweka mbali, mkono umenyooka. "Huyu ninamjua kwa elimu," alisema. "Kwa tumbo hatujajuana. Mimi nakula kitu kilichokuwa na kwato." Kisha akatoka nje akae mahali penye hewa.

Mambo yaliharibika mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Alikuja mwalimu mpya, kijana wa chuo kikuu, mtu mzuri tu, si mtu wa ubaya. Siku moja katika chumba cha walimu aliitazama ile chati, iliyokuwa imeletwa pale kubandikwa gundi, akacheka.

"Mzee, hii si samaki ya bahari. Hii ni kambale, mtu ameipaka rangi. Samaki ya bahari itafanya nini na ndevu?"

Sasa, huku kwetu samaki wa ndevu tunayemjua ni kambale, yule wa matope, wa kwenye mabwawa ya kufugia. Ukiwaambia watu mia moja wa Nyeri "samaki mwenye ndevu", mia na kumi watakuambia kambale. Walimu wote wakacheka. Mwalimu hakucheka wala hakubishana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikunja chati, akaifunga kwa kile kipande cha kamba, akaenda nayo nyumbani.

Kama angekuwa na hakika, angewajibu. Lakini alijua nini? Alijua chati iliyoandikwa kwa kalamu na mtu asiyejulikana. Miaka kumi na tisa alikuwa amewafundisha watu wazima kwa chati hiyo, watu waliotoka kazini wamechoka, wengine na watoto mgongoni, na kila mmoja akaenda nyumbani na kosa hilo, akalizalisha. Hivyo ndivyo alivyowaza. Alipostaafu alitoa madaftari ya mahudhurio. Alianza safari.

Mimi nilimwona akija kwenye mlango wa nyuma wa hoteli, pale magari yanaposhusha mboga. Nilimjua kwa urefu, lakini unene ulikuwa umekwisha. Koti la kijani lilining'inia kama limeanikwa.

"Sufuria," alisema, "nimekuja kukuomba msamaha."

Nilifikiri ameambiwa na daktari kwamba anakufa. Nilimvutia kreti ya soda akakaa. Akanieleza habari ya kambale, taratibu, kama mtu anayeungama. Kufikia siku hiyo alikuwa amewafikia watu ishirini na saba. Maziwa, ambaye alikuwa ameolewa Kangema akawa na shamba la chai, alikuwa wa ishirini na sita. Mimi nilikuwa wa ishirini na saba.

"Mwalimu, ngoja," nikasema, nikatoa simu. "Tuangalie hapa sasa hivi." Nikaandika mkundaji, zikaja picha, nadhani elfu moja, zote na ndevu. Nikamwonyesha.

Hata hakuvaa miwani. "Sufuria, mimi nimeponzwa na picha. Usiniponye kwa picha."

"Lakini hizi ni za mtandao."

"Hiyo simu ndiyo iliyomwambia jirani yangu kwamba limau inatibu kisukari. Amekatwa kidole." Akasimama. "Wewe unafanya kazi na samaki wa bahari. Umewahi kuona mmoja mwenye ndevu?"

Hapo nilikwama. Stoo yangu ilipokea samaki wa baharini kila wiki, lakini walikuja wamekatwa vipande, bila mifupa, bila ngozi, bila kichwa. Ningeweza kuapa juu ya mbavu zao, lakini si juu ya kidevu. Kama ningesema ndiyo, angeniuliza ya mwaka gani, ya saa ngapi, kisha angejua. "Sijawahi, Mwalimu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Jioni hiyo mkewe alinipigia simu. "Baba, ni wewe uliongea na yeye leo? Amerudi amelala na viatu. Hali kitu. Namwekea githeri, anaichungulia tu kama ni ya mgeni. Huyu mzee atanifia kwa sababu ya samaki ambaye hata hajawahi kumla."

"Hatakufa, mama. Nipe wiki moja."

Nilisema hivyo kwa ujasiri mkubwa, bila kuwa na wazo hata moja.

Wazo lilikuja asubuhi, nikinunua viazi karai mtaa wa Majengo. Huko kuna mama mmoja mkubwa, Mwislamu, tunamwita Bi, ambaye hukaanga samaki mbele ya nyumba yake mpaka harufu inafika kwenye kanisa letu na kuwasumbua waumini. Yeye amezaliwa Nyeri, baridi ni yake kama ilivyo yangu, lakini mtoto wa dada yake anaishi Mombasa na humtumia samaki kwa basi. Nilimuuliza kama kuna samaki anaitwa mkundaji.

"Mkundaji? Mbona huyo ni samaki wa kila siku, mwanangu? Mtamu wa mchuzi."

"Ana ndevu?"

"Kama babu yangu."

Niliingiwa na furaha nikala viazi vya watu wengine. Lakini neno la Bi lilikuwa neno, na Mwalimu hakutaka neno. Nikamwomba amwagize mzima, na kichwa chake. Bi alishangaa. "Watu wa huku hunilipa nikate kichwa. Wewe unataka kulipa ili kibaki?"

Alhamisi iliyofuata boksi la samaki lilifika kwa Bi kutoka Mombasa, na nikaenda kumchukua Mwalimu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu mkewe alimvalisha koti mwenyewe na kumfungia vifungo vyote. Tulipovuka mto alishika bega langu akasema, "Sufuria, kama ni kambale, usinifiche."

Bi alituweka nyuma ya nyumba, akaweka boksi juu ya meza, akakata kamba. "Fungueni, mimi nitoe mafuta motoni," akasema, akaingia ndani. Nikafunua barafu. Samaki watatu. Wa juu alikuwa mweupe wa kufifia, na ubavuni mwake ulipita mstari mweusi kutoka jichoni, na karibu na mkia palikuwa na doa jeusi la duara, utadhani mtu ameweka nukta mwisho wa sentensi. Alikuwa yule yule wa chati. Nilitaka kupiga kelele.

Mwalimu aliinama. Alivaa miwani. Aliangalia kidevu.

Hakukuwa na ndevu.

Nikamgeuza samaki. Kidevu laini, kama cha mtoto wa shule. Nikamtoa wa pili, nikamtoa wa tatu. Wote walikuwa wamenyolewa safi. Nawaambia nilisikia moyo wangu ukidondoka chumba kwa chumba. Mwalimu alivua miwani, akaikunja polepole, akaitia mfukoni.

"Nashukuru, Sufuria," akasema. "Umenionyesha. Sasa ninajua."

"Mwalimu, labda zilikatika njiani. Basi inaruka sana hapo Makutano."

"Za wote watatu?"

Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mlangoni, mkono ukutani, Bi alipotoka na sufuria ya mafuta.

"Mbona mmemtazama na kumwacha kama maiti ya jirani? Si mlitaka ndevu?"

"Hana, Bi," nikasema.

"Hana?" Aliweka sufuria chini. Akapangusa mkono kwa kanga, akamshika yule samaki wa juu, akaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya taya, mahali ambapo mimi niliona mkunjo tu wa ngozi. Akavuta. Ukatoka uzi mmoja mweupe, mnene kama tambi, mrefu kama kidole changu cha kati. Akavuta upande wa pili, ukatoka mwingine. Zikaning'inia zote mbili, maji yakichuruzika.

"Akiwa hatafuti chakula anazikunja humu," alisema Bi. "Nyinyi mlitaka aogelee zikipeperuka?"

Mwalimu alirudi. Sijui alirudi kwa hatua ngapi, mimi naona ilikuwa moja. Mtu aliyekuwa akitoka nje kwa sababu ya kipande cha kukaanga aliweka uso wake pale, karibu kabisa, akashika ndevu moja kati ya vidole viwili, akaiachia, akaishika tena. Akatoa za samaki wa pili mwenyewe, kwa ukucha, kwa uangalifu kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Akatoa za wa tatu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, na machozi yalishuka, na Bi akanitazama kuniuliza kama mzee ni mzima, nami nikamwambia kwamba sasa ndiyo ni mzima.

"Boma moja," alisema alipopata pumzi.

"Karibu basi ule, mzee wangu," Bi akasema. "Nimkaange huyu?"

"Hapana, mama. Nilisema ninamjua, sikusema namla." Akafuta macho. Kisha uso ukabadilika, akasimama ghafla. "Sufuria. Wale watu ishirini na sita."

"Wamefanya nini?"

"Nimewaambia ni kambale. Kwa mdomo wangu. Miaka kumi na tisa nilikuwa sawa, na mwezi mmoja huu nimewadanganya." Alianza kutafuta kitu mifukoni, pengine orodha. "Gari la kwanza la kwenda Kangema linaondoka saa ngapi?"

Nilijaribu kumwambia awapigie simu tu. Afadhali ningezungumza na yule samaki. Aliomba barafu, akaomba mfuko wa nailoni, akalipia mkundaji mmoja, yule wa mstari na doa, na jioni mkewe akaniambia amemlaza nje dirishani kwenye baridi na anaamka kila mara kumwangalia.

Kesho yake saa saba mchana Maziwa alinipigia kutoka Kangema. Hata hakunisalimia.

"Sufuria, wewe ndiye umenitumia huyu mtu? Mwalimu ako hapa kwangu na samaki kwa mfuko. Ameniita kutoka kwa majani ya chai, mikono imejaa, ati niguse kidevu."

"Umegusa?"

"Nimegusa. Nimeona, ni ndevu, nimekubali. Mtoto wangu pia amegusa, na jirani, na paka za kijiji yote ziko hapa kwa mlango zimekaa kama mkutano wa chifu. Sasa mwambie atoe hii kitu kwa nyumba yangu."

"Mpe simu nimwambie."

Nikasikia kiti kikivutwa, na Maziwa akiuliza jambo, na kijiko kikigonga sahani. Kisha akarudi.

"Anasema umngojee kidogo," akasema. "Ameomba githeri ingine. Hii itakuwa sahani ya tatu."